Kidato Kisichokuwemo Kwenye Mchoro

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye benchi la wageni pale bomani, nimepakata chupa ya togwa, namngoja mjukuu wangu Kandida atoke masjala aje anywe.

Kandida ana mimba ya miezi minane na kazi yake ni kutunza mafaili. Asipopata kitu cha kunywa saa nne, ikifika saa tano anawagombeza watu wasio na kosa. Kwa hiyo nampelekea togwa kila siku ya kazi, na sasa naona nampelekea hata nikiwa nimelala.

Boma letu ni la zamani. Lilijengwa na Wajerumani, nao walipima kila kitu kwa miguu yao. Ngazi ya kupandia barazani ni moja tu, lakini inanifika gotini. Kando yake, upande wa kushoto, kuna kidato kidogo cha matofali, kimepinda kidogo, kinakata ule urefu nusu kwa nusu. Alikijenga marehemu mume wangu, Oswini, fundi mwashi wa serikali. Mwaka ule mimi nilikuwa mpika chai wa ofisi, nina mimba ya mwanangu Otmari, baba yake Kandida, na kila saa nne nilipanda ngazi ile na sinia la vikombe kama mbuzi anayepanda jabali. Oswini aliniona mara moja tu. Jumapili alibeba matofali yaliyobaki kwenye kazi ya choo, akaenda nayo bomani, akarudi jioni na saruji kwenye nyusi.

Hakuomba kibali. Jumatatu, Mkuu wa Wilaya wa wakati ule alikitazama kidato, akalitazama tumbo langu, kisha akashuka kwa kukikanyaga, mtu mrefu ambaye hakukihitaji hata kidogo. Huo ndio uliokuwa ukaguzi. Nimemwombea mtu yule mpaka leo.

Basi, nimeketi. Naona mwanamume mwenye shati la mifuko minne anakuja na kopo la rangi nyekundu, brashi moja na daftari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unapaka nini?"

"Napaka sheria," alisema. "Mimi ni Karani Ponera, wa Kamati ya Bunge ya Majengo ya Serikali na Viunga Vyake. Kitakachobaki nakiandika namba. Kitakachobomolewa nakipiga X."

"Kwa rangi hiyo hiyo moja?"

"Bajeti ya kopo la pili haijasomwa."

Akaanza kazi. Mlango mkubwa aliuandika namba, nao ukashukuru, ukajifunga wenyewe kwa heshima. Dirisha likaomba liandikwe upande usio na ufa. Dumu la maji ya kunawia lilipata namba likalia machozi, tukaliacha lilie.

Kisha nikamwona anainama karibu na ngazi, anakipiga X kidato cha Oswini.

"We! Hicho acha!" nikasema.

"Hakimo kwenye mchoro."

"Lakini kipo."

"Kipo wapi?"

"Hapo ulipoweka kopo lako."

Karani Ponera alilitazama kopo muda mrefu. Akafungua daftari, akaandika huku anatamka polepole: "Kopo moja, limekaa juu ya hewa."

"Mwanangu," nikasema, "nimekikanyaga miaka arobaini na tatu."

"Umekuwa ukikanyaga hewa, Bibi. Hongera. Wengi hawawezi."

Hapo kidato chenyewe kikanena, kwa sauti ya chini ya mtu asiyependa kusumbua. "Mama Otmari, usigombane naye. Katumwa."

Nikamwacha, kwa sababu Oswini naye angesema hivyo hivyo. Nikarudi kukaa kwenye benchi nikamngoja Kandida, nikawaza atashukaje na tumbo lile, na ngazi ile, kidato kikishabomolewa.

Kumbe kukaa ndiko kulikoniponza. Karani Ponera alifika kwenye benchi, akasoma orodha yake: "Benchi la wageni, la mbao, pamoja na kilicho juu yake." Akanitazama. Akatazama orodha. Akapiga goti, akanivua ndala ya kulia, akaniinua mguu.

"Unafanya nini?"

"Namba huwekwa chini, Bibi, isiwachukize wageni."

Akaniandika kisiginoni: nne, moja, mbili, saba. Rangi ilikuwa baridi. Nampa haki yake: alipomaliza alipuliza taratibu, kama mtu anayempozea mtoto uji.

"Isikanyagwe mpaka ikauke," alisema. "Sasa wewe ni mali ya serikali, namba elfu nne mia moja ishirini na saba. Aina, bibi."

"Mimi nina nyumba yangu! Nimeacha maharage jikoni!"

"Maharage hayamo kwenye viunga. Hayatuhusu."

Niliinuka niende zangu, nachechemea kwa ncha ya mguu wa kulia. Askari wa getini akaninyooshea mkono. Alikuwa mpole, lakini alikuwa amekariri sheria.

"Kifungu cha tisa, Bibi. Kitu chochote kilicho ndani ya viunga hakitaondolewa, hakitaongezwa, hakitakwaruzwa wala kutikiswa bila azimio la Bunge."

"Natoka tu, sitikisiki."

"Umetikisika sasa hivi uliposema."

Natazama uani na kuona ni kweli, nchi imesimama. Wanawake wa usafi wamepanga foleni na fagio zao, wanangoja azimio la kufagia. Jani limedondoka, na watu wawili wanahangaika kulirudisha mtini. Mbuzi wa jirani aliyeingia akala nyasi ameambiwa azirejeshe. Anacheua, anajitahidi, mtu anamshikia fomu.

"Askari," nikasema, "kilemba changu kimelegea. Naweza kukifunga?"

"Hayo ni marekebisho ya paa, Bibi. Yanahitaji kamati."

Hapo nilikaribia kusema neno ambalo sijalisema tangu Oswini alipoangusha chungu changu cha maziwa. Nikalimeza. Askari aliona nimechoka, akanivutia kivuli. Sijui alikivutaje. Alikishika pembeni kama mkeka akanitandikia kichwani, na ubaridi wake ulikuwa mzuri. Nilimshukuru.

"Usimwambie mtu," alisema. "Kivuli nacho kina namba."

Kisha baraza likawa Bunge, nami nimo ndani yake. Hakuna aliyetutangazia. Nguzo zilijisogeza, sakafu ikapanda kwa nyuma, na kila kiti kikajikalia chenyewe. Wabunge walikuwa makabati, mabati ya paa, dirisha lile la ufa, na choo cha nje, ambacho kilikaa peke yake mwisho na kuchangia mara nyingi.

Spika alikuwa ile saa ya ukutani iliyosimama tangu Kandida hajaajiriwa. Siku zote inaonyesha saa nne na dakika kumi. Alikuwa amevaa joho jeusi, na mshale mmoja umetokeza kwenye mkono wa joho.

"Waheshimiwa, ni saa nne na dakika kumi," alisema. "Tunaanza."

"Mheshimiwa Spika," akasema Karani Ponera, "naleta mezani kidato ambacho hakipo, na bibi ambaye yupo."

Meza zikajigonga zenyewe kwa furaha.

Akaingia Mchoro. Alikuwa karatasi kubwa ya rangi ya chai, imekunjwa kwa miaka mingi, hivyo kila alipotaka kusimama alijiviringisha tena na ilibidi makabati mawili yamshike pembe. Lakini sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula.

"Mimi ndiye boma," alisema. "Lile la mawe ni nakala, tena nakala mbaya. Kwangu kuna ngazi moja. Hakuna kidato. Narudia, hakuna kidato. Sheria inasema jengo lihifadhiwe katika hali yake ya asili, na hali ya asili ni mimi."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" choo cha nje kikapaza sauti. "Hata mimi simo kwenye mchoro!"

"Wewe tunakuheshimu kwa mahitaji," akasema Spika. "Kaa."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilinyoosha mkono, maana kuita watu wapumbavu bila kunyoosha mkono si adabu.

"Mheshimiwa Saa," nikasema, "na wewe Mchoro, mwanangu. Mimi sina shule kubwa. Ninachojua ni kwamba mjukuu wangu yuko ndani, ana tumbo la miezi minane, na ngazi yenu inafika gotini. Asubuhi hupanda kwa kidato, mchana hushuka kwa kidato. Mkikitoa, atashuka kwa nini? Kwa azimio?"

Kabati moja lilifungua droo likaifunga.

"Hoja ya bibi ina uzito," alisema Spika. "Mchoro, jibu."

"Jibu ni rahisi," alisema Mchoro. "Tatizo si ngazi. Tatizo ni magoti. Bibi sasa ni mali ya serikali. Sheria inataka mali irudishwe katika hali yake ya asili. Tumrudishe bibi alivyokuwa, magoti mapya, meno yote, hana magaga kisiginoni, hana maumivu ya mgongo. Ngazi ataipanda kwa mruko mmoja. Kidato cha nini?"

Makabati yakapiga makofi kwa milango yao.

Nakiri kwamba nilisikiliza. Mtu wa umri wangu akitajiwa meno yote, husikiliza.

"Mnaweza kweli?" nikauliza.

"Kwa mujibu wa mchoro wako," alisema, akachomoa kwapani karatasi ndogo. Nilikuwa mimi, kwa mistari ya penseli, msichana wa miaka kumi na minane ameshika ndoo, na pembeni vipimo vya mikono na shingo. Nilikuwa nimesahau kwamba shingo yangu ilikuwa ndefu hivyo.

Niliitazama juu mpaka chini. Nikageuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Oswini yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuwepo wakati wa ujenzi."

"Na Otmari?"

"Ni nyongeza."

"Na Kandida? Na huyo aliye tumboni kwa Kandida?"

Mchoro alijikunja kidogo pembeni. "Nyongeza juu ya nyongeza," alisema. "Zote zitaondolewa kwa uangalifu."

Nikamrudishia karatasi yake. Niliikunja vizuri kwanza, maana msichana yule hakuwa na kosa.

"Baki nayo," nikasema. "Mimi nihifadhini na magaga yangu."

"Wanaoafiki kidato kibomolewe waseme ndiyo," akasema Spika.

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

"Siyo," nilisema mimi, na choo cha nje, na kidato chenyewe kwa sauti ndogo, ingawa nadhani kilikuwa kinaona aibu kujipigia kura.

Sasa wanakuja mafundi wawili na nyundo. Mmoja wao ananiamkia, "Shikamoo, Bibi, samahani, tupishe." Wana heshima zao. Kila mtu katika ndoto ile alikuwa na heshima zake, na ndiyo maana ilikuwa inachosha: huna wa kumpiga kofi.

Nikaona niende nikiage. Nilishuka barazani kwa kukaa kitako, nikatanguliza miguu kama mtoto, nikafika kando ya kidato.

"Mama Otmari," kikasema, "bado unakwaruza visigino ukitembea."

"Na wewe bado umepinda kushoto."

"Ilikuwa jua linazama. Sikuona vizuri."

Nikasahau alichoniambia Karani. Nikapanda juu ya kidato kama nilivyopanda miaka arobaini na tatu, kwa mguu wa kulia, nikakanyaga kwa uzito wangu wote.

Nilipoinua mguu, palikuwa na namba juu ya ile X. Rangi ilikuwa haijakauka.

"Simama!" akapiga kelele Karani Ponera. Mafundi wakasimama, nyundo juu. Alikuja mbio, akainama. Namba ilikuwa imejigeuza, lakini yeye aliisoma bila shida. Alisema amezoea kusoma mafaili kinyumenyume juu ya meza za wakubwa.

"Nne, moja, mbili," alisema. "Halafu hakuna. Tarakimu ya mwisho haipo."

Bunge likachafuka. "Mwongozo wa Spika!" "Kuhusu utaratibu!" Mabati yakagongana. Mchoro akajiviringisha kwa hasira mpaka makabati yakashindwa kumfungua, na toka hapo alisema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya bomba.

"Kina X!" alisema. "Kibomolewe!"

"Kina namba," alisema Karani Ponera. "Kihifadhiwe."

"Namba haijakamilika!"

"Na X imefunikwa."

Spika akafikiri. Mishale yake ilitetemeka lakini haikusogea.

"Uamuzi wangu," alisema. "Kitu chenye X na namba kwa pamoja hakiwezi kubomolewa wala kuhifadhiwa mpaka tarakimu inayokosekana iletwe mezani. Kikiwa kinangoja, kitaendelea kukanyagwa kama kawaida. Jambo hili litaamuliwa leo leo, ifikapo saa tano kamili. Na saa inayohesabika ni mimi."

Nikamtazama. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

"Na bibi?" akauliza askari.

"Namba yake imehama. Si mali tena. Mtoeni, tena haraka, hana kibali cha kuwa ndani ya viunga."

Karani Ponera alinivalisha ndala yangu. Alipoushika mguu, alitulia. Nikainama nami nikaona alichokiona: kisigino changu kina magaga, na katika gaga lile kubwa, lile ambalo hata jiwe la kusugulia limeshindwa nalo, rangi ilikuwa imeingia ndani ikakaa. Ile saba.

Tukatazamana. Alikuwa na macho ya mtu aliyefanya kazi siku nzima bila kuambiwa ahsante.

Akafunga daftari. "Mimi sikuona kitu, Bibi," alisema.

"Una mtoto?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Mungu akukuzie."

Na Kandida anatoka masjala na tumbo lake, ameshika ukuta. Anateremka: mguu mmoja kwenye kidato, kidato kinajikaza, mguu wa pili chini. Anapokea chupa ya togwa. Wanawake wa usafi wanashangilia, kisha wanaomba radhi kwa kutikisika. Mbuzi anatapika nyasi moja, nzima, na mtu anaipokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoamka.

Palikuwa pamekucha. Kandida alikuwa ameniletea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kama anavyofanya kila asubuhi, ingawa namkataza kuinama. Alikuwa ameshavaa nguo za kazini. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, na nilijua sababu. Jana ilikuja barua ofisini, tena yeye ndiye aliyeiweka kwenye faili: boma limeingizwa kwenye majengo ya kuhifadhiwa, na vyote visivyomo kwenye mchoro wa asili vitaondolewa. Alilia mezani usiku. Hakuulilia mgongo wake. Alimlilia babu yake.

"Leo ndio wanakuja mafundi," alisema.

"Saa ngapi?"

"Barua inasema saa tano, kwa saa ya ofisi."

"Saa ya ofisi ni ipi? Ile ya ukutani?"

"Hakuna nyingine, Bibi."

Alisema hivyo huku anakunja taulo. Kisha mikono yake ikasimama. Akaniangalia. Akaanza kucheka polepole, ameshika tumbo kwa mikono miwili ili mtoto asirushwerushwe.

"Bibi," alisema, "wakinipa mafundi nisaini kwamba saa imefika, nisaini?"

"Imefika?"

"Haijafika."

"Basi."

Akajifuta machozi, akainama aninawishe miguu kabla sijamzuia. Aliushika wa kushoto akaumaliza. Akaushika wa kulia.

"Bibi, umekanyaga rangi wapi?"

Niliinua mguu nikautazama. Ndani ya gaga lile kubwa kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umenyooka kisha umekata kona juu. Kandida alichukua jiwe la kusugulia.

"Acha," nikasema.

"Ni kidogo tu, inatoka hii."

"Kandida, acha."

Nikauvuta mguu. Nikavaa soksi, zile nene za sufu za masika, na juu yake nikavaa viatu vya kanisani, nikafunga kamba.

"Leo si Jumapili," alisema Kandida.

"Najua. Twende, utachelewa. Na akija mtu anaitwa Ponera, mwambie Bibi hajambo, hana shida na anamshukuru, lakini viatu havui."